Vipuri Vizima, Baiskeli Mbovu: Hitilafu Zinazojificha Kwenye Maungio

"Nimeweka mnyororo mpya, sasa unaruka kuliko ule wa zamani." "Tairi limeandikwa 26, rimu nayo ni 26, mbona haliingii?" "Nati zote nimekaza na bado inagonga." Malalamiko ya baiskeli iliyoungwa nyumbani, au iliyobadilishwa kipuri kimoja tu, karibu yote yana sura hii. Mwenye nayo ana hakika kwamba kipuri chake ni kizima, na mara nyingi ni kizima kweli. Ubovu umekaa pale kipuri hicho kinapokutana na jirani yake: mnyororo na jino, gololi na koni, tairi na rimu, pini na ekseli.

Mwongozo huu unafuata dalili. Chini ya kila dalili, visababishi vimeanza na kile kinachoonekana mara nyingi na kuishia na cha nadra, na ukaguzi usiohitaji kifaa umetangulia. Usiruke hatua za mwanzo kwa kuwa zinaonekana za kitoto. Anayenunua kipuri kabla ya kukagua maungio hununua mara mbili.

Kabla ya kushika spana

Jiulize ni kitu gani kiliguswa mara ya mwisho. Hitilafu iliyoanza baada ya kubadilisha kitu, ianzie kwenye kitu hicho na majirani zake, hata kama kelele inasikika upande mwingine. Mabomba ya fremu yana uwazi ndani, sauti husafiri humo na kujitokeza mahali pasipo na kosa lolote.

Kisha inua gurudumu moja baada ya jingine, ulizungushe kwa mkono. Shika kila kinachoshikika ukitikise kushoto na kulia: gurudumu, mikono ya pedali, usukani, siti. Kinachocheza bila ruhusa ndicho cha kuanza nacho.

Dalili: mnyororo unaruka

Kuna kuruka kwa aina mbili na dawa zake ni tofauti kabisa. Mnyororo unaoruka kwa mpigo, mara moja kila unapomaliza mzunguko wake, hata ukikanyaga polepole, una kiungo kigumu. Mnyororo unaoteleza juu ya meno pale tu unapokanyaga kwa nguvu, hasa kwenye mlima, una ugomvi na spoketi, lile gurudumu la meno linaloshika mnyororo.

Kiungo kigumu ni rahisi. Zungusha pedali kinyumenyume taratibu huku ukitazama mnyororo unapoacha spoketi ya nyuma. Viungo vingine vyote vitanyooka, kimoja kitabaki kimejikunja. Mara nyingi ni kile kile ulichofungia, ambacho pini yake ilisukumwa ikabana bamba za pembeni. Kishike kwa mikono miwili, ukipinde kwa upole kuelekea ubavuni, kushoto kisha kulia, mpaka kilegee. Tone moja la mafuta, basi.

Kuteleza kuna visababishi kadhaa, na kinachoongoza kwa mbali ni mnyororo mpya kwenye spoketi iliyolika. Hapa inafaa kuelewa kinachotokea. Kutoka pini moja hadi nyingine kwenye mnyororo wa baiskeli ni nusu inchi, yaani milimita 12.7. Mnyororo ukitumika, pini na matundu yake hulika, na umbali huo unakua kidogo mno kwa kila kiungo. Meno ya spoketi nayo yanalika yakifuata umbali mpya. Wamezeeka pamoja na wanaelewana, ndiyo maana mnyororo mchakavu unaweza kukaa kimya kwenye spoketi chakavu kwa muda mrefu. Siku unapoleta mnyororo mpya wa milimita 12.7 kamili, hauwezi kukaa sawasawa kwenye meno yaliyochimbwa kwa umbali mrefu zaidi. Mzigo unaangukia jino moja au mawili badala ya kugawanywa, rola inapanda mgongo wa jino, unasikia "kak!" na mguu unaporomoka na pedali.

Pima kwa rula ya chuma. Weka sifuri katikati ya pini moja, hesabu nafasi 24, usome katikati ya pini ya 25. Mnyororo mpya unasoma milimita 304.8. Ukikaribia 306.3, yaani umeongezeka nusu ya asilimia moja, badilisha mnyororo mapema na spoketi za gia nyingi huenda zikasalimika. Ukifika 307.8, spoketi nazo zimekwisha, na kubadilisha mnyororo peke yake ndiko kunakoleta lile lalamiko la kwanza. Kipimo kingine hakihitaji hata rula: kama mnyororo mpya unateleza kwenye gia moja au mbili unazozipenda na unatulia kwenye gia usizozitumia, mnyororo hauna kosa.

Kwenye baiskeli ya gia moja, kinachofuata ni mnyororo kulegea. Katikati ya upande wa chini, mnyororo ucheze juu na chini milimita 10 hadi 15 hivi. Spoketi ya mbele mara chache huwa duara kamili, kwa hiyo zungusha pedali utafute mahali unapokaza zaidi, upimie hapo. Ukipimia pale palipolegea, kuna nusu ya mzunguko ambapo mnyororo utabana gololi zote mpaka uchoke bure.

Upana nao huchanganya watu. Mnyororo wa gia moja kwa kawaida una nafasi ya ndani ya inchi 1/8, takriban milimita 3.2. Wa gia nyingi ni 3/32, takriban 2.4. Mwembamba hauzami kwenye jino nene. Unapanda juu yake na kukaa hapo kana kwamba umetosha. Kwa nje, mnyororo wa gia 8 ni kama milimita 7 na wa gia 11 ni kama 5.5, ndiyo maana ule wa kwanza hukwaruza spoketi jirani ukiwekwa mahali pa huu wa pili.

Cha mwisho, na cha nadra, ni friiwili yenyewe, kile kifaa cha nyuma kinachoruhusu gurudumu lizunguke hata pedali zikitulia. Unakanyaga, meno hayakurukwa, lakini pedali inakwenda mbele bure na gurudumu halifuati. Simama hapo. Vishikio vya ndani vinashika na kuachia bila taarifa, na vikiachia wakati umesimama juu ya pedali utaangukia usukani. Friiwili hufunguliwa kwa kifaa chake maalumu, na ndani yake kuna gololi ndogo nyingi na springi zitakazotawanyika sakafuni. Mpelekee fundi, au iondolewe na kuwekwa nyingine.

Dalili: pedali inagonga, au mikono ya pedali haiko mstari mmoja

Kwanza tenganisha. Shika mikono yote miwili ya pedali, sukuma kuelekea ubavuni. Ikicheza yote miwili kwa pamoja, tatizo liko kwenye ekseli ya kati na gololi zake. Ukicheza mmoja tu, ni maungio ya mkono ule na ekseli. Mikono ikitulia na kugonga kukaendelea, kagua pedali zenyewe.

Pedali ndiyo ya kawaida zaidi, na sababu ni ile ile: ya kushoto ina nyuzi za kinyume. Kuikaza unazungusha kinyume cha saa. Imetengenezwa hivyo ili mwendo wa kukanyaga usiifungue. Pedali nyingi zina herufi L na R kwenye ncha ya ekseli. Ukibadilisha pande, pedali itaingia mizunguko miwili, itagoma, na ukilazimisha kwa spana utakuwa unachonga nyuzi mpya juu ya zile za mkono. Anza kwa vidole kila mara, na paka grisi. Isipoingia kwa vidole, kuna kitu hakilingani.

Kisichojulikana sana ni kwamba kuna saizi mbili za kawaida: inchi 9/16 kwa mikono inayofungwa kila mmoja peke yake, na inchi 1/2 kwa mkono wa kipande kimoja kilichopindwa kupita ndani ya fremu. Pedali ndogo kwenye tundu kubwa inaning'inia tu. Hakuna utepe wala gundi itakayoiponya.

Baiskeli zenye kotapini, ile pini yenye ubapa upande mmoja inayobana mkono kwenye ekseli, zina ugonjwa wao. Pini mbili lazima ziingie kwa mielekeo inayopingana: mikono ikiwa imelala, nati ya mmoja ikitazama juu, ya mwenzake itazame chini. Ukiziingiza kwa mwelekeo mmoja, kila kitu kitakaza vizuri na mikono haitakuwa mstari mmoja. Utahisi mguu mmoja unafika chini kabla ya wakati wake, na watu hulaumu ekseli kuwa imepinda.

Kosa la pili ni kutumia nati kuvuta pini iingie. Nati hiyo kazi yake ni kuizuia isirudi. Pini inasukumwa kwa kifaa cha kubana au kwa nyundo, na kama ni nyundo, chini ya mkono wa pedali weka kipande cha bomba au gogo imara, la sivyo pigo lote linaishia kwenye gololi. Kaza nati, endesha kidogo, gonga tena, kaza tena. Pini iliyokaa hivyo haitakusumbua.

Mikono inayokaa kwenye ekseli ya mraba inataka bolti ikazwe hasa, takriban Nm 35 hadi 40 (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza). Ukisikia "tik" kila mzunguko, kaza siku hiyo hiyo. Alumini ni laini kuliko chuma cha ekseli, na safari moja ndefu yenye mkono uliolegea inatosha kulifanya tundu la mraba kuwa duara. Likishafika hapo usilikaze tena: litashika barabara ya tambarare na kuachia mlimani. Mkono mpya.

Kama ni ekseli ya kati, fahamu kwamba kwenye fremu nyingi, zile za kipimo cha Kiingereza cha inchi 1.37 yenye nyuzi 24 kwa inchi, kikombe cha kulia, kile kinachoshika gololi kwenye fremu, kinafunguka kwa kuzungusha mwendo wa saa. Zile za Kiitaliano zinafunguka kinyume cha saa pande zote. Asiyejua ni ipi huongeza bomba kwenye spana ili apate nguvu, akaua nyuzi za fremu. Kikombe kikigoma kwa kifaa sahihi na nguvu ya mkono, mwite fundi. Nyuzi za fremu hazina kipuri.

Dalili: tairi haliingii, au linaingia kirahisi kisha linachomoka

Hapa lawama iende kwa walioandika majina ya saizi. Namba ya inchi inaeleza takriban kimo cha nje cha gurudumu lenye tairi la zamani fulani. Haielezi tairi linakaa wapi kwenye rimu. Tafuta ubavuni namba ya aina hii: 37-590. Ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili, yenye tarakimu tatu, ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa. Tarakimu hizo tatu za tairi na za rimu zikifanana, vinaoana. Zisipofanana, usibishane navyo.

Mifano inayorudi kila mara: tairi la 26 × 1 3/8 ni 590, na la 26 × 1.95 ni 559. Yote yanaitwa 26, na yametofautiana milimita 31. La 26 × 1.75 ni 559 lakini la 26 × 1 3/4 ni 571, ingawa hesabu ya shule inasema 1.75 na 1 3/4 ni kitu kimoja. La 28 × 1 1/2 ni 635, ilhali la 28 × 1 5/8 ni 622, na hilo 622 ndilo linaloitwa pia 700C, na ndilo linaloitwa 29 kwenye baiskeli za milimani. Hata inchi 20 zina 406 na 451.

Hatari zaidi ni tofauti ndogo. Tairi la 27 × 1 1/4 ni 630, na linapanda kwenye rimu ya 622 kwa ulaini wa kufurahisha. Ukijaza upepo, milimita nane za nafasi zinaliacha lipande ukingo wa rimu na tyubu inapasuka, pengine ukiwa mwendoni. Tairi linaloingia bila kupingwa hata kidogo, lisijazwe upepo mpaka umesoma namba.

Kama namba zinaoana na bado linakataa, kosa liko mikononi. Rimu ina mfereji katikati, wenye kipenyo kidogo kuliko kingo. Anza upande ulio mkabala na valvu, malizia kwenye valvu, na kila hatua sukuma ukingo wa tairi uzame kwenye ule mfereji ili upate nafasi upande wa mwisho. Wengi wanaovunja vyuma vya kufungulia tairi hawajui kwamba mfereji upo.

Tairi limekaa lakini linadundadunda? Kuna mstari mwembamba unaolizunguka karibu na rimu. Umbali wake kutoka kwenye rimu uwe sawa mahali pote. Palipozama, toa upepo, paka maji ya sabuni, vuta kwa mikono, jaza tena.

Tyubu inayotoboka tena na tena inasomeka kwa mahali pa tundu. Tundu upande wa ndani, unaotazama spoki: utepe wa rimu umesogea au hakuna kabisa, au spoki ni ndefu mno. Matundu mawili yaliyo sambamba: upepo ulikuwa mdogo, tyubu ikabanwa kati ya rimu na shimo la barabara. Kwenye shina la valvu: tyubu imezunguka ndani ya tairi, au valvu nyembamba imewekwa kwenye tundu la valvu nene. Ukiwa hapo pitisha kidole kwenye ukuta wa rimu unaoshikwa na breki. Ukikuta umebonyea na kuwa mwembamba, au una ufa, rimu hiyo imemaliza safari zake.

Dalili: gurudumu linayumba, spoki zinakatika

Usiguse spoki kabla hujakagua mambo mawili: ekseli imezama hadi mwisho kwenye nafasi zake za fremu, na koni, zile nati zenye ncha ya mviringo zinazobana gololi za ekseli, hazichezi. Gurudumu lililokaa kombo au habu (kitovu cha gurudumu) inayocheza huonekana kabisa kama rimu iliyopinda, na ukilinyoosha kwa spoki utakuwa umeharibu rimu iliyokuwa nzima.

Sasa spoki. Ukiishika moja mkononi unaikunja kwa vidole. Ikivutwa pamoja na wenzake 35 inabeba mtu na mzigo wake, kwa sababu kila moja inavutana na nyingine na rimu inabaki katikati ya mivutano hiyo. Kwa maana hiyo hakuna kitu kinachoitwa kukaza spoki moja. Ukiigusa, umezigusa jirani zake na zile za upande wa pili.

Zipige kwa ukucha moja moja usikilize. Za upande mmoja zitoe sauti zinazokaribiana. Inayotoa sauti nzito au isiyolia kabisa ndiyo iliyolegea. Kwenye gurudumu la nyuma lenye spoketi kadhaa usilinganishe kulia na kushoto: spoketi zimesukuma ubavu wa habu kuelekea ndani, hivyo spoki za kulia lazima zivutwe zaidi ili rimu ikae katikati.

Geuza baiskeli, sogeza kibao cha breki au kipande cha kijiti karibu na rimu, zungusha. Rimu inapokwenda kulia, kaza za kushoto mahali hapo na legeza za kulia, robo mzunguko kwa kila nipoli, ile nati ndogo inayoshika spoki kwenye rimu. Robo. Anayekwenda nusu nusu hupata gurudumu lenye mawimbi mawili badala ya moja. Nipoli iliyoshikwa na kutu iwekewe mafuta na iachwe kwanza; ukiizungusha kwa nguvu utakata spoki au kuviringa pembe za nipoli.

Spoki zinazokatika moja baada ya nyingine, kwa kawaida kwenye kona karibu na habu, huwafanya watu waseme zimekazwa mno. Mara nyingi zaidi zimelegea. Spoki iliyolegea inavutwa na kuachiwa kila gurudumu linapozunguka, na chuma kinachotikiswa hivyo huchoka pale kilipokunjwa. Ikikatika moja, badilisha. Zikiendelea kukatika upande ule ule baada ya kuziba moja na nyingine, zilizobaki zimechoka vilevile, na kazi ni kusuka upya. Kusuka na kunyoosha gurudumu zima mwachie fundi, na mwachie pia rimu iliyojikunja baada ya kugonga shimo, au yenye nyufa zinazotoka kwenye matundu ya nipoli.

Dalili: gurudumu zito, au linacheza ukilitikisa

Koni na nati yake ya kufungia ni ndugu wawili wasioachana: ukikaza nati, koni inafuata. Kwa hiyo shika koni kwa spana nyembamba, kaza nati, pima tena. Inachukua kurudia. Kwenye ekseli inayofungwa kwa wenzo, acha koni zicheze kidogo sana, kwa kuwa wenzo ukifungwa hubana ekseli na ule mchezo unakwisha. Ukizirekebisha zikiwa kamili kabla ya kufunga, gurudumu litakuwa zito barabarani.

Ukifungua habu, hesabu gololi kabla hazijakimbia. Kawaida mbele ni kumi za inchi 3/16 kila upande, na nyuma tisa za inchi 1/4, ila fuata zilizokuwamo. Usichanganye mpya na za zamani kwenye kikombe kimoja, maana zilizo kubwa kwa unywele zitabeba mzigo wa wenzake wote. Usijaze mpaka nafasi iishe. Ziache pengo dogo zisikwaruzane. Koni yenye vishimo haiponi kwa grisi.

Dalili: usukani unagonga, unanata, au baiskeli haitulii

Kabla ya yote, tazama baiskeli kutoka ubavuni. Ikiwa imetoka kwenye boksi na kuungwa nyumbani, uwezekano mkubwa uma wa mbele umefungwa nyuma mbele. Uma una mwinamo, na ncha zake zielekee mbele. Ukigeuzwa, kidole cha mguu kinagusa gurudumu unapokata kona, breki ya mbele inatazama nyuma, na baiskeli inahangaika chini yako. Hakuna kipuri kibovu hapo hata kimoja.

Usukani unaogonga unapimwa hivi: bana breki ya mbele, weka vidole kwenye maungio ya uma na shingo ya fremu, sukuma baiskeli mbele na nyuma. Ukisikia mtikisiko kwenye vidole, beringi za shingo zimelegea. Kwa shina la usukani lenye bolti za pembeni, mpangilio ndio kila kitu. Legeza bolti za pembeni kwanza. Kaza kofia ya juu taratibu mpaka mchezo uishe na usukani ugeuke bila kunata. Nyoosha. Kaza za pembeni. Kofia kazi yake ni kubana beringi, haishikilii usukani. Ukiikaza huku bolti za pembeni zimefungwa unapoteza nguvu, na ukizisahau, usukani utageuka na gurudumu litakwenda linakotaka.

Shina la zamani linaloingia ndani ya uma linashikwa na kabari. Lina mstari wa mwisho wa kulipandisha, na siti nayo ina wake. Mstari ukionekana nje, limepanda kupita kiasi.

Usukani unaonata ukiwa katikati tu una vishimo kwenye vikombe. Grisi itaupoza wiki moja. Uma uliopinda, au rangi iliyojikunja chini ya bomba karibu na shingo baada ya kugonga kitu: usiendeshe, usinyooshe mwenyewe.

Dalili: gia haziingii au zinaingia mbili kwa mpigo

Waya kwanza. Mpya hulegea kidogo baada ya safari za mwanzo, na ganda lake linajibana mwishoni. Zungusha kirekebishi cha waya nusu mzunguko, jaribu tena. Waya wenye kutu ndani ya ganda haurekebishiki, ubadilishe pamoja na ganda.

Ukirekebisha gia kubwa ikapotea ndogo, simama nyuma ya baiskeli. Vile vigurudumu viwili vidogo vya kifaa cha gia vinapaswa kuwa mstari mmoja wima na spoketi. Vikiwa vimeinama kuelekea spoki, lile sikio linaloshikilia kifaa cha gia limepinda, kwa kawaida kwa sababu baiskeli iliangukia upande wa kulia. Kwenye fremu nyingi za alumini sikio hubadilishwa, na limewekwa laini makusudi lipinde kabla ya fremu. Usitumie gia ya chini kabisa (spoketi kubwa zaidi ya nyuma) mpaka litengenezwe, maana kifaa kitaingia kwenye spoki na kuondoka na gurudumu.

Dalili: breki zinalia au hazishiki

Mafuta ya mnyororo kwenye rimu yanaongoza. Safisha rimu, kwaruza vibao kwa msasa. Halafu angalia kibao kinakutana na nini. Kikigusa tairi kitalitoboa, kikining'inia chini ya rimu kitazama kwenye spoki. Breki ya diski iliyoingia mafuta haisafishiki kwa urahisi, vibao vipya ni suluhisho la haraka. Breki ya majimaji inayozama hadi kwenye usukani ina hewa ndani au inavuja. Mpelekee fundi kabla ya kupanda tena.

Dalili: inalia kila ukikanyaga, na hakuna kilicholegea

Simama juu ya pedali. Sauti ikikoma, ni siti au nguzo yake. Toa nguzo, futa, paka grisi (nguzo ya kaboni ina krimu yake maalumu ya kuzuia kuteleza), rudisha. Nguzo hutengenezwa kwa vipenyo vinavyopishana kwa milimita 0.2, na iliyo nyembamba kwa hatua moja inaweza kubanwa ikatulia huku ikilia. Sauti ikiendelea, fungua pedali na bolti za spoketi ya mbele, safisha nyuzi, grisi, kaza. Chuma kikavu juu ya chuma kikavu hulia hata kikikazwa ipasavyo.

Ikibaki, osha fremu, ikaushe, ukague kila mahali bomba linapokutana na bomba, hasa karibu na ekseli ya kati na shingo. Unatafuta mstari mwembamba wa kutu au rangi iliyopasuka. Fremu ya chuma inaweza kuchomelewa na anayejua kazi hiyo. Ya alumini, joto la kuchomelea huiondolea ugumu wake, na mara nyingi hairudi kuwa ya kuaminika. Ya kaboni inahitaji mtaalamu wa kaboni na si mwingine. Kwa vyovyote, ukiuona ufa, teremka na uikokote.